Mwanga Anatuliza Maumivu

Duka la vifaa vya ujenzi Jumamosi asubuhi si mahali pa kumtazama mtu bega. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Mchora mabango, mwanamke ndani ya ovaroli yenye madoa ya miaka sita na kilemba chekundu kilichokaa upande, alinyoosha mkono kuchukua kopo la rangi kwenye rafu ya juu. Mkono ukafika nusu, ukagoma. Nyuma yake mwanaume mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi alikuwa amekumbatia boksi la taa, amemkodolea macho.

"Unatazama nini, kaka?"

"Bega lako la kulia. Unalilalia?"

"Ninayalalia yote mawili. Wewe huwa unayavua?"

Mtu mwingine angecheka, au angeomba radhi. Yeye alimshushia lile kopo, akamuuliza kama huwa anaongea na simu huku ameibana kati ya sikio na bega. Mchora mabango akakasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwanaume huyo alikuwa mtaalamu wa viungo, amepanga chumba mtaa wa pili. Kazi yake kubwa ilikuwa mazoezi, na sasa alikuwa ameongeza taa za mwanga mwekundu.

"Zinaponya?"

"Haziponyi. Zinasaidia kutuliza maumivu, kwa baadhi ya watu. Wengine haziwasaidii. Umeonana na daktari?"

"Kaka, biashara utaiweza kweli?"

Hata hivyo Jumatatu alikwenda. Alivalishwa miwani myeusi, taa ikaelekezwa begani, na yule bwana akatega saa. "Dakika kumi tu," alisema, kama alivyosema kila siku baada ya hapo, mpaka likawa jina lake. Kufikia mara ya sita bega lilikuwa limelegea. Ilikuwa taa, au mazoezi, au ule ukali wake kuhusu simu? Dakika Kumi alikataa kabisa kusema, eti hawezi kuwa na hakika. Mchora mabango alitamani kumrushia kiatu. Lakini kilemba chake siku hizi kilikaa sawasawa, na moyo wake ulikuwa umeshaondoka bila kuaga.

"Mwanga wangu, umekula?" mchora mabango alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimekula, Fundi. Umeibana simu begani?"

"Sijaibana."

"Nasikia sauti yako imepinda."

Ndivyo walivyopendana. Basi Dakika Kumi akataka bango. Kwanza aliandika MWANGA UNAPONYA MAUMIVU, akalikata neno la katikati kwa kalamu, akaandika UNATULIZA, kwa sababu hakutaka kumdanganya mtu. Mchora mabango akaitundika karatasi kwenye msumari wa karakana yake, pamoja na za wateja wengine. Bango akalichora Jumanne, akalipandisha Jumatano. Dakika Kumi alishika ngazi, akamtazama aliye juu ya ngazi badala ya bango. Naye aliyechora hakulisoma tena, maana mtu hasomi kazi yake mwenyewe.

Wiki moja ikapita. Wagonjwa wa zamani walifuta miadi mmoja baada ya mwingine. Wapya walikuja wakinong'ona. Mmoja alileta unywele wa mke mwenza ndani ya bahasha. Alhamisi mama mwenye nyumba akapanda ngazi, akasimama mlangoni bila kukanyaga kizingiti.

"Jumamosi saa sita mchana nataka chumba changu. Mimi nina wajukuu humu ndani."

"Mama, nimekosa nini?"

"Si umeandika mwenyewe huko nje?"

Dakika Kumi alishuka, akasoma. MWANGA ANATULIZA MAUMIVU. Herufi moja tu, na taa yake ilikuwa imegeuka mtu, tena mtu wa kuroga. Akapiga simu palepale barabarani.

"Umenichezea."

"Nimekuchezea nini tena?"

"Kila siku mwanga wangu, mwanga wangu. Ukaona utani wako uuandike na kwenye bango. *Anatuliza*. Watu wanadhani nawanga. Nafukuzwa, unajua?"

"Ngoja. Mimi sijakosea herufi tangu niache shule. Uliandika hivyo mwenyewe, na huo mwandiko wako kama kuku kaparua."

"Niliandika u."

"Uliandika a."

"Fundi."

"Usiniite Fundi."

Simu ikakatika, na kila mmoja akaamini ni mwenzake aliyekata. Karatasi ilikuwa msumarini, hatua tatu kutoka pale alipokaa mchora mabango. Angenyanyuka tu, mambo yakaisha. Hakunyanyuka. Alichonga penseli nne ambazo hazikuhitaji kuchongwa, huku akimhukumu mwenzake kwa kiburi.

Ijumaa mama wa mchora mabango akapiga simu.

"Ulisema mtaalamu."

"Ni mtaalamu, Mama."

"Nimetembea na goti langu hili bovu mpaka pale, nikaone kazi ya mkwe wangu. Mwanga, mwanangu? Katika wanaume wote?"

"Mama, ni taa. Mwanga wa taa."

"Taa haina *ana*. Mkwe kama huyo simtaki, asikanyage kwangu. Na ulivyomsifu siku ile! Anafanya hivi, anajua vile, anapiga pasi mpaka soksi. Ana, ana, ana, huku nasikia brashi yako inagonga kopo."

Mchora mabango akaitazama brashi yake koponi.

"Siku gani hiyo, Mama?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Ulisema unachora bango lake."

Sasa alinyanyuka. Karatasi ilikuwa ya tatu kutoka juu, na U ya UNATULIZA ilikuwa imekaa wazi kama kikombe. Mtoto wa darasa la kwanza angeisoma. Akajikalia juu ya kopo la rangi, akajichukia kweli. Alimpigia Dakika Kumi mara sita. Hakupokea, na hakika alikuwa na haki.

Jumamosi saa tano na nusu alifika na ngazi begani, bega la kushoto. Mama yake alimfuata nyuma akichechemea, kwa sababu alitaka kumwona huyo mwanga kwa macho yake mwenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Dakika Kumi alikuwa anashusha boksi la kwanza, na siku hiyo shati lake halikupigwa pasi. Mchora mabango akaiegemeza ngazi ukutani, akaenda mlangoni.

"Mama, kosa ni langu," alimwambia mwenye nyumba, akampa karatasi. "Yeye aliandika sawa. Nimekosea mimi."

Mwenye nyumba aliisoma karatasi, akalisoma bango, akaisoma karatasi tena.

"Basi panda. Nikiiona hiyo u ndipo tutaongea."

Dakika Kumi aliliweka boksi chini. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye goti la mama mtu.

"Shikamoo, Mama. Hilo goti lina muda gani?"

"Marahaba. Mwaka. Utalitibu?"

"Siwezi kuahidi. Umeonana na daktari?"

"Amenipa vidonge."

"Endelea navyo, usiviache. Mimi nitakupa mazoezi, na taa kidogo. Taa ni nyongeza tu. Isipokusaidia nitakwambia."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyu si mwanga," akamwambia mwenye nyumba kwa uchovu. "Mwanga angeshaniahidi kuruka kamba. Huyu ananirudisha kwa daktari."

Mchora mabango alikuwa ameshapanda. Alifunika A kwa rangi nyeupe, akasubiri ikauke. Akasikia ngazi imetulia chini yake, akajua nani ameishika.

"Wewe hukosei herufi," sauti ya chini ilisema. "Ulikoseaje?"

Alijibu bila kugeuka. Kugeuka asingeweza.

"Nilikuwa naongea na Mama. Habari zako. Kila neno lilianza na a. Anafanya, anajua. Mkono ukafuata mdomo."

"Simu ulikuwa umeibana begani?"

"Nilikuwa nimeibana."

"Nilikukataza."

"Nisamehe. La bega, na la bango."

"Na mimi nisamehe. Nilijua hukufanya utani. Nilikuwa na hasira tu."

Brashi ikashuka, ikazunguka, ikapanda. U nyekundu, pana. Mwenye nyumba akaisoma kwa sauti, akasema maboksi yarudi juu, yanaziba njia.

"Mwambie na lile la mwisho," mama mtu akadakia. "Ulilolisema siku ile kabla hujakata simu."

"Mama, tafadhali."

"Lipi?" Dakika Kumi akauliza.

Mchora mabango aliutazama ukuta ulio mbele ya pua yake. Uso ulikuwa unawaka moto.

"Nilisema atanioa."

Ngazi ikatikisika kidogo, ikatulia. Aliyeishika alikohoa, akakunja mkono wa shati ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Hilo," akasema, "hukukosea hata herufi."