Mgeni Aliyezoea Kukaribishwa

Mitalawanda ile, viatu vya mbao, haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile. Bibi Umeno aliikuta asubuhi chini ya kizingiti, pale tunapovulia viatu, imelowa chepechepe na imetazama ndani. Akainama na magoti yake mabovu akaigeuza itazame nje, maana ndiyo heshima ya kwetu: viatu vya mgeni hugeuzwa, ili akitaka kwenda zake avae bila kuhangaika. Akaenda jikoni kuteleka maji. Aliporudi, mitalawanda imetazama ndani tena.

"Kinue!" akamwita mkwewe. "Jana tulilaza mgeni?"

"Mgeni gani, Mama? Kwa mvua ile?"

Hapo Bibi Umeno akakumbuka. Jana yake jioni alikuwa anakata figili za kutia chumvi, akasikia sauti ya mwanamume mlangoni, sauti ya taratibu, yenye adabu zake: "Samahanini wenyewe, naomba kujikinga mvua." Naye, bila kugeuka, bila hata kuweka kisu chini, akajibu, "Pita ndani, pita, usisimame kwenye maji." Alipopeleka chai chumba cha wageni hakukuta mtu. Alikuta mkeka umebonyea na kulowa, mahali mtu anapopiga magoti. Akadhani ametoka kujisaidia, akaiacha chai. Baadaye kikombe kilikuwa kitupu, na chini yake limebaki tope la bwawani.

"Ukafanyaje?" Kinue akauliza.

"Nikamwongeza nyingine."

"Mama!"

"Sasa nimwache mgeni na kikombe kitupu? Watu waniseme?"

Msimcheke. Mimi Tatsu nilikuwa jirani yake, ua mmoja, na ningefanya vilevile. Huku mlimani tumelelewa hivyo: mgeni akija, pita, mgeni akisimama, mbona mapema, kaa kidogo. Yanatoka yenyewe kama chafya.

Basi nyumba ikaanza kunuka. Kwanza kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, kisha kama bwawa wakati wa kiangazi, na harufu ilikuwa ikitoka chumba cha wageni ingawa Kinue alisugua mikeka mpaka vidole vikachubuka. Jioni walisikia mtu anavuta chai kwa midomo, fyuuu, halafu anashusha pumzi ya mtu aliyeridhika.

Na Nagi, mjukuu, binti wa Kinue, mtoto wa miaka mitano mwenye kelele kama kunguru, akatulia. Akaanza kukaa kwa magoti, mgongo umenyooka, mikono mapajani, kama bibi harusi. Nywele zake zilikuwa zimelowa kila wakati. Midomo ikampasuka. Alikunywa maji, akaomba tena, akanywa, akaomba tena, na bado ngozi yake ilikuwa inakauka kama ganda la kitunguu.

Siku moja, jua linazama, Kinue alisikia mwanawe anazungumza chumba cha wageni, akausogeza mlango wa karatasi kidogo tu, upana wa jicho, akamwona Nagi amepiga magoti anamimina chai kwa mkono usiotetemeka, mkono wa mtu mzima aliyezoea, na mbele yake hapakuwa na mtu, ila mvuke wa chai haukupanda juu, ulikwenda upande, ukaingia mahali pamoja kama unaovutwa na pua, na kila mvuke ulipovutwa shavu la mtoto liliingia ndani kidogo, kidogo tena, mpaka mtoto akageuza shingo akamtazama mama yake na kusema kwa sauti ya taratibu, ya kiume, yenye adabu zake: "Nyumba hii inajua kukirimu. Nimeona nikae."

Kinue alikuja kwangu miguu mitupu. Alinisimulia huku akitweta. Nikamwambia, "Tumwite Chigusa."

Chigusa alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, sare ya shule, nywele kajikata mwenyewe na mkasi wa jikoni. Marehemu bibi yake alikuwa mwita-mizimu wetu, akamwachia upinde wa kuwaitia, na akamwachia na mlinzi: mbwa-mwitu msindikizaji, yule anayewafuata watu nyuma kwenye njia za mlimani. Sisi hatukumwona. Tulisikia kucha zake kwenye changarawe, na harufu ya mbwa aliyelowa. Chigusa alimwita Babu, na alikuwa akigombana naye njia nzima.

"Najua! Nimesikia! Si unaniambia kila siku?" Akaegemeza baiskeli ukutani. "Shikamooni. Nina mtihani wa hesabu kesho, kwa hiyo tuharakishe. Mmejaribu nini?"

"Tulisimamisha ufagio juu chini," nikasema, "ule wa kufukuzia mgeni."

"Ufagio ni wa wageni wenye haya." Akanusa mlangoni, uso ukambadilika. Akanong'ona na kitu kilichokuwa nyuma yake, kisha akatuambia: "Babu anasema yeye ni wa njia, ndani haingii. Na huyu aliingia kwa kukaribishwa, hatolewi kwa fimbo. Lazima avae viatu vyake, atoke kwa miguu yake. Mimi nitamwinua. Nyie nyamazeni tu. Akimaliza kunywa chai yenu atammaliza mtoto, na ameshaanza."

Akapiga magoti, akauvuta uzi wa upinde. Bwiiing. Meno yakatuuma. Bwiiing. Chumbani mkeka ukalia, kitu kizito kikainuka. Nyayo za maji zikatokea kwenye ubao wa ukumbi, moja, nyingine, zikatupita mpaka mlangoni. Mitalawanda ikageuka polepole ikatazama nje. Chigusa jasho linamtiririka. Mguu wa kwanza ukavaa, ko!

Na Bibi Umeno, kichwa chini, viganja mkekani, akasema: "Jamani, mbona mapema hivi? Kaa hata unywe chai."

Mitalawanda ikageuka. Nyayo zikarudi. Chumbani, fyuuu.

"Bibi!" Chigusa akapiga kelele.

"Nimeteleza, mjukuu wangu! Ulimi wangu!"

"Ulimi gani huo? Babu anasema uukate!"

Kesho yake jioni alikuja tena, na mtihani ameushindwa. Safari hii Bibi Umeno aliuma kitambaa. Bwiiing, bwiiing, nyayo zikaja, mguu wa kwanza ukavaa, wa pili ukavaa. Bibi Umeno machozi yanamtoka, kitambaa kimejaa mdomoni. Mlango ukajisogeza wazi. Tukaona mvua. Ndipo Kinue, aliyefundishwa adabu na mkwewe tangu alipoolewa, fimbo ya maneno asubuhi na jioni, akainama na kusema kwa sauti nyembamba kabisa: "Karibu tena."

Mlango ukafungwa kwa kishindo, na mgeni akiwa ndani.

Hata kucheka hatukuweza. Chigusa alitoka nje, akapiga ndoo teke, ikabingirika mpaka bustanini. "Nimechoka! Hawa watu watamuua mtoto wao kwa heshima! Nifanyeje, Babu, niwashone midomo?" Akasikiliza. "Usiniambie nivumilie! Bibi yangu angeweza, mimi siwezi, basi! Nenda ukamtafute mwingine!" Akakaa chini kwenye mvua, mtoto wa watu, akalia kwa hasira huku akifuta kamasi na mkono wa sare.

Ndani Nagi hakuwa tena anaomba maji. Alikuwa amelazwa, na ukimgusa mkono ngozi inabaki imekunjika ulipoishika. Niliweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa mbali.

Bibi Umeno alimtazama mjukuu wake kwa muda. Kisha akainuka, akavaa kimono chake cha kutokea, akachukua mwavuli.

"Mama, unakwenda wapi?" Kinue akauliza.

"Mimi siwezi kumfukuza mtu. Miaka themanini sijui, leo sitajua." Akafunga mkanda vizuri. "Lakini mgeni haachwi aondoke peke yake. Mgeni husindikizwa."

Akafungua mlango wa karatasi, akapiga magoti mbele ya mkeka ule uliobonyea. "Bwana," akasema, "mvua imepungua. Njia yetu ni mbaya, nawe ni mgeni. Ruhusu nikusindikize, nisije nikaonekana sina adabu."

Tukasikia tone la maji, tone. Kisha mkeka ukalia.

Chigusa hakuupiga upinde. Alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi. Nyayo zikampita, mitalawanda ikavaliwa, na Bibi Umeno akafungua mwavuli akaushika juu ya mtu asiyekuwapo, naye mwenyewe analowa. Hapo ndipo tulipomwona. Mvua ilimchora: ilikuwa inagonga mabega mahali pasipo mabega, inatiririka kwenye kidevu, na mahali pa uso maji hayakugonga kitu, yalikuwa yanaingia tu.

Wakashika njia ya mteremko. Ko, ko, ko. Nyuma yao, kucha kwenye changarawe.

"Bibi!" Chigusa akakimbia kando ya njia, anapiga kelele na kulia pamoja. "Bibi, usianguke! Babu yuko nyuma yenu! Anayeanguka mbele yake ni wake, hachagui, hata mimi hanihurumii! Ukijikwaa sema umekaa kupumzika, useme kwa sauti!"

Hilo Bibi Umeno alilijua kabla bibi yake Chigusa hajazaliwa. Kila mtu wa mlimani analijua. Lakini magoti yake! Nikiwa nyuma ya Chigusa nilimwona anayumba kwenye mizizi, mwavuli unatikisika, nami nikatafuna ukosi wa nguo yangu.

"Nimesahau kitu ndani," ile sauti ya adabu ikasema. "Turudi."

"Nitakuletea mtu, usisumbuke."

"Baridi kali. Kikombe kimoja tu."

"Utakunywa nyumbani kwako, itakuwa tamu zaidi."

"Mtoto amenizoea," sauti ikasema, na sasa haikuwa ya taratibu sana. Na mara ikawa ya Nagi, ile ile ya kunguru: "Bibi! Bibi, nirudishe ndani, nina kiu!"

Bibi Umeno akasimama. Mimi nikajua yamekwisha. Hakuna bibi duniani angevuka pale. Nyuma yao kucha nazo zikasimama, na ile harufu ya mbwa ikatujaa puani, na mlima mzima ukawa kama unashikilia pumzi ili usikie bibi mzee wa watu atamjibu nini mjukuu anayelia kwenye mvua.

Akaweka mwavuli chini.

"Hapa ndipo mwisho wangu wa kukusindikiza," akasema. "Asante kwa kututembelea." Kisha, kwa nguvu, kama anayeita ng'ambo ya mto: "Nakaa kidogo kupumzika!" Akapiga magoti topeni, akainama.

Kwetu ukiinamiwa unainama zaidi. Lile umbo la mvua likainama. Bibi Umeno akashusha paji la uso mpaka kwenye tope. Umbo nalo likapiga magoti, likashuka, likashuka zaidi yake, kwa adabu zake zote, mpaka likalala kifudifudi njiani. Na halikusema linapumzika.

Kulisikika mlio kama boga bichi linapasuliwa. Mara moja tu. Mitalawanda ikabingirika ikaanguka kwenye mtaro, na mvua ikagonga njia tupu.

Chigusa alimbeba Bibi Umeno mgongoni mpaka nyumbani, akimnung'unikia hatua kwa hatua. "Bibi mkaidi wewe. Ungeniambia! Babu anasema hajawahi kuona mtu mwenye adabu za kutisha hivi. Anasema pia yule alikuwa mchungu." Ndani tulikuta Kinue amekumbatia mtoto anayepiga mateke, anadai wali, anadai supu, anadai mama yake amwache. Bibi Umeno alimwaga chozi mbele ya zile kelele. Halafu akauliza, polepole, "Hivi yule alikuwa nani? Nimemnywesha chai yote ile, sikumuuliza hata jina."

Tangu siku hiyo mlango wake ukawa mgumu. Ukibisha, hakukuambia pita. Alikuuliza wewe nani, wa nani, umetoka wapi, na mvua inakunyeshea. Watu walinung'unika, wakasema kikongwe ameharibika. Mimi sikukasirika. Jioni moja nilimpelekea tambi, nikasimama pale nje, maji yananiingia shingoni, nikajibu kila alichouliza: mimi Tatsu, binti wa fulani, mke wa marehemu fulani, jirani yako wa ua mmoja, Bibi, nafa na baridi.

"Haya, Tatsu, nimekujua," akasema kutoka ndani. "Na huyo uliyekuja naye, anaitwa nani?"

Nilikuja peke yangu.

Sikugeuka. Ndani nikasikia vijiti vya kulia vinabwagwa mezani, na sauti ya Chigusa, aliyekuwa akila hapo siku hizo, mdomo umejaa chakula: "Aaa, jamani! Hata wali wenyewe sijamaliza!" Kisha, bwiiing.