Mpaka Uliochorwa Kwenye Laga

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, na kama kukaa nyumbani kungekuwa kazi ya serikali, leo ningekuwa nakula pensheni. Kidato cha nne nilimaliza. Cheti kiko ndani ya sanduku, nacho hakipendi kutoka, kama mwenyewe.

Niliyoyapitia Lodwar mwaka wa 2013 sijawahi kuyasimulia yote. Lakini mpaka leo nikisikia maji yakitiririka kwenye ndoo, nakimbia kufunga mfereji hata kama ndoo haijafika nusu...

Nilitoka Kitale kumfuata mume wangu, dereva wa malori yanayopeleka chakula Kakuma. Watu wa Lodwar wakisafiri kwenda kwetu Kitale husema wanaenda Kenya, kana kwamba Lodwar ni nchi nyingine. Basi mimi nilitoka Kenya, nikafika, nikafunga mlango. Tulipanga ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga unaokaa mkavu karibu mwaka mzima, kwa sababu huko kulikuwa kimya.

Rafiki nilikuwa naye mmoja, Mama Sheila, Mkisii mwenye duka la nguo upande wa mjini. Yeye ndiye alikuwa miguu yangu. Sokoni ataenda, kanisani atanipelekea salamu, habari za mji ataniletea zikiwa bado moto. Alinitania kila siku. "Mama Nafula, wewe ni chungu cha maji. Ukihamishwa tu unavunjika."

Watoto wetu walisoma shule moja ya mjini. Nafula wangu, Sheila wake, na Amoni, binti wa jirani yangu Mturkana aliyekuwa akisuka vikapu. Dawati moja, wasichana watatu. Darasa lao lilikuwa limejaa kila kabila, watoto wa polisi, wa wafugaji, wa wenye maduka, na walibanana kweli. Lakini mmoja asipojua, mwenzake alijua. Nafula alikuwa na hesabu, Sheila Kiingereza, na Amoni alikuwa na kichwa ambacho neno likiingia halitoki.

Jioni walivuka wote kuja kwangu kunywa chai na kufanya kazi ya shule. Baadaye Amoni alimrudisha Sheila upande wa mjini. Kabla ya kukanyaga mchanga alisimama, akageukia vilima vya Lorugum, akanusa hewa, akasikiliza. Ndipo aseme, "Twende." Mimi nilimcheka. Mtoto mdogo na mambo ya wazee!

Mwisho wa mwaka wa 2012 uliitishwa mkutano wa wazazi. Mume alikuwa Kakuma. Mimi... mnanijua. Nikamwambia Mama Sheila aende, anisemee.

"Nitakusemea," akasema akicheka. "Hata kupumua, ukitaka, nitakupumulia."

Mkutano ukaisha na uamuzi. Kuanzia Januari, kila mtoto angesoma shule ya upande wake, na mpaka ni laga. Walisema madarasa ya mjini yamejaa mno, ndiyo maana alama ziko chini. Wakipungua, shule itapanda. Watoto wetu wa ng'ambo wakapangiwa shule mpya ambayo ilikuwa na rangi nzuri na walimu wa kuhesabu kwa vidole, vidole vikabaki.

Mama Sheila aliniletea habari hizo kwa uso wa msiba. Alisema alipinga mpaka sauti ikakauka. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Aliyenifungua macho ni mama yake Amoni. Alikuwa kwenye mkutano, amekaa nyuma. Alikuja kuomba moto, akanisalimia ejok yake ya Kiturkana.

"Mama Nafula, rafiki yako alisimama," akaniambia. "Alionyesha laga na mkono. Alisema, huku ya kwetu, kule ya kwao. Watu ikapiga makofi."

Siku hiyo nilitoka nyumbani. Nilivuka mchanga peke yangu, jua la saa saba likinichoma utosini, mpaka dukani kwake. Nilimkuta akikunja mashuka. Nilipomuuliza hakukana.

"Sheila anakuwa wa tatu kila muhula," akasema. "Mbele yake ni nani? Ni wako, na wa jirani yako. Ungekuwa mimi ungefanya nini, ungepiga vigelegele?"

"Ungeniambia."

"Ungekuja mkutano."

Nikarudi nilivyokuja. Jibu hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Januari ikafika. Shule yetu mpya, mwalimu mmoja alifundisha darasa la sita na la saba chumba kimoja. Nusu walitazama ubao wa mbele, nusu wakageukia wa nyuma, naye akizunguka katikati kama panga boi. Wiki nyingine hakuonekana kabisa. Nafula akaanza kurudi na daftari safi, halina hata alama ya kukosa.

Baba yake Amoni alivumilia muhula mmoja. Kisha akasema kama shughuli ni kukaa tu, hata mbuzi wanahitaji mtu wa kukaa nao. Akamchukua, akampeleka malishoni upande wa Lorugum. Msichana mwenye kichwa kile... Mama yake alilia akisuka.

Na huko mjini je, walipanda? Hawakupanda. Darasa lilipata nafasi ya kunyoosha miguu, lakini waliobaki walifanana kama sahani za seti moja. Hakuna wa kumuuliza mwenzake. Sheila aliteremka mpaka akawa hataki kuonyesha ripoti.

Jumamosi moja nikasikia hodi. Sheila, amesimama na mkoba wake.

"Mama amesema nije nifanye hesabu na Nafula," akasema akitazama chini. "Amesema kama hutaki, nirudi."

Mama yake hakuwa na uso wa kuja mwenyewe. Ndugu msomaji, nilitamani kufunga mlango. Lakini mtoto amekosa nini? Nikampa chai. Nafula akamvuta mkono wakaingia ndani, na baada ya muda nikawasikia wakicheka. Akawa anakuja kila Jumamosi. Nyumba yangu ikapata sauti tena.

Ile Jumamosi ya mwisho ilikuwa msimu wa mvua, lakini Lodwar hatukuwa tumeona tone. Nilikuwa nakanda chapati. Sheila akasema anaenda, mama yake anamngoja. Nikamtuma Nafula achungulie nje.

"Kweupe, Mama. Hakuna hata wingu."

Mimi ni mtu wa Kitale. Kwetu mvua ikinyesha inakunyeshea wewe. Sikujua, na hakuna aliyekuwepo wa kuniambia, kwamba laga hujazwa na mvua iliyonyesha vilimani, mbali, na maji huja jua likiwaka, yakakukuta midomo imekukauka kwa kiu. Aliyejua alikuwa akichunga mbuzi.

"Haya, salimia mama yako," nikamwambia. Ilikuwa salamu ya kwanza tangu tukosane. Akatabasamu, akaenda.

Punde nikasikia mngurumo. Nikadhani ni lori la Baba Nafula linarudi kutoka Kakuma. Nikafurahi... nikabandika maji ya chai.

Kisha nikasikia mayowe kutoka lagani.

Walimpata kesho yake, chini kabisa, karibu na mashamba. Sitaeleza zaidi.

Kwenye mazishi Mama Sheila hakunitazama. Watu walisema ananilaumu. Wengine walisema Mungu amemlipa, na hao niliwachukia mpaka nikaogopa nafsi yangu. Hakuna mama anayestahili malipo kama yale. Usiku nilisikia lile lori, kila usiku, na hakuna lori.

Kabla hajafunga duka na kurudi kwao, alikuja. Hakubisha hodi. Aliniomba nimwonyeshe mahali. Tukaenda, tukasimama ukingoni. Mchanga ulikuwa umekauka tena kana kwamba haujawahi kulowa.

"Alikuwa amefika wapi?"

"Walioona wanasema katikati."

Akaonyesha pale kwa mkono.

"Sasa pale ni upande wa nani?" akaniuliza.

Nilimshika mkono.

Wazazi wenzangu, msikubali watoto wagawanywe ili wa kwenu awe wa kwanza. Anayekaa mbele ya mtoto wako darasani huenda ndiye anayemvusha. Na wewe unayependa kukaa ndani kama mimi, ukiitwa mkutano wa shule, nenda mwenyewe. Keti mbele. Wakianza kuchora mipaka, waulize watoto watapita wapi, na usikae chini mpaka wakujibu.