Msamba wa Lazima

Soko la Seomun siku ya Jumamosi halina adabu. Unasukumwa, unakanyagwa, na ukibahatika kupata nafasi kwenye benchi la tambi unabanana na mtu usiyemjua. Ndivyo Bitna alivyomwagiwa mchuzi wa dagaa kwenye sketi yake ya rangi ya maziwa, siku ya kwanza kuivaa.

"Lo! Samahani! Samahani sana!" Kijana alikuwa keshavua skafu na anampangusa goti.

"Toa mkono!"

Akautoa upesi. Harufu ya dagaa ilimpanda Bitna puani, na alikuwa hapendi kabisa kuguswa mguu.

"Una miaka mingapi wewe?" akafoka.

"Ishirini na tisa."

"Mimi thelathini na mbili! Mkubwa wako!"

"Basi nisamehe, dada." Akainama mpaka nywele zikachovya kwenye bakuli lake mwenyewe. Bitna akacheka bila kupenda.

Jina lake Tae-seop, mabega mapana, masikio yanayoiva akisifiwa. Alikuwa msaidizi wa Mwalimu Gwak kwenye ukumbi wa taekwondo. Bitna, anayefundisha mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya, aliposikia taekwondo alitaka kunyanyuka aende zake. Lakini mapenzi yana kiburi chake, na simu zikaanza.

"Umekula, dada?"

"Dada, dada! Mimi mpenzi wako au dada yako?"

"Nikuiteje sasa? Umenizidi umri."

"Niite Bitna."

"Ulimi unakataa."

"Ulimi huohuo ulionibusu jana?"

Bitna alijua masikio yameshaiva huko aliko.

Siku moja Bitna akamfungia wali kwa mwani, akavaa gauni la kijani analolipenda Tae-seop, akaenda ukumbini bila kumwambia. Kwenye ngazi tu harufu ikampokea: miguu, mpira wa mikeka, dawa ya kuchua. Akaziba pua, akachungulia.

Kijana mmoja wa chuo alikuwa chini, miguu imetanuliwa na kukazwa ukutani, kifua kimelazwa mkekani. Juu ya mgongo wake amekaa mtu. Mwalimu Gwak anahesabu kwa sauti, wenzake wanacheka. Kijana ameuma mkono wa sare yake na udenda unamtiririka.

"Inauma?" aliuliza yule aliyemkalia, akadunda kidogo.

"Hapana, kaka!"

Aliyedunda alikuwa Tae-seop.

Bitna alirudi nyuma hatua moja. Akiwa na miaka kumi na saba alikaliwa hivyohivyo kwenye ukumbi kama huu, akasikia kitu ndani ya paja kikichanika kama kitambaa, na alipoulizwa alijibu haumii. Aliyekukalia ni mkubwa wako, utamwambiaje aache? Tangu hapo hakuna mtu aliyemnyoosha miguu. Akauacha wali juu ya viatu vya watu akashuka mbio.

"Ni kawaida, dada," Tae-seop alijitetea kwenye simu. "Sote tumepitia. Mwalimu ameagiza, mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu mzima mwenye makalio yako! Mikono ile unanishika nayo mimi? Ptuu! Unanitia kinyaa, Tae-seop."

Akakata. Kila alipopigiwa, simu ilitetemeka juu ya meza naye akaitazama kama mende. Alimpenda, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi. Angelalaje na mtu asiyejua kuacha?

Mwishowe Tae-seop akaja kituoni, amekonda, amevaa shati ambalo halijapigwa pasi.

"Nikalie mgongoni," akasema. "Lipiza, tuyamalize."

"Mjinga wewe! Unadhani nina hamu ya kukuumiza? Zunguka jengo kwanza, upate joto."

Aliporudi anahema, akamkalisha chini, miguu wazi, wakitazamana. Bitna akaweka nyayo zake juu kidogo ya vifundo vya miguu ya Tae-seop, mbali na magoti, akamshika viganja.

"Mgongo wima. Ukitoa pumzi, nakuvuta kidogo. Hakuna kudunda. Ukiona misuli inavutika, sawa. Ukichomwa kinenani au gotini, sema nami naachia. Mwenye miguu ndiye mwenye amri."

Akamvuta polepole. Misuli ya mapaja ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka.

"Inauma?"

"Hapana, dada."

"Mwongo! Nakuhisi unavyotetemeka. Unanichefua! Unameza maumivu kwa sababu nimekuzidi miaka mitatu, halafu kesho unamkalia mwenzako naye ameze. Tutaishi hivyo? Nikikukosea utanyamaza?"

Tae-seop akameza mate. Masikio yakaiva.

"Inauma," akasema kwa sauti ndogo. "Acha, Bitna."

Bitna akaachia papo hapo. Tae-seop akaitazama mikono yake iliyoachiwa, kisha machozi yakamtoka.

"Sikujua kama mtu akiambiwa anaachia," akasema.

Simu yake ikalia. Mwalimu Gwak: kesho kuna wanafunzi wapya kumi, aje kuwapasua msamba. Tae-seop akasimama, akainama mbele ya simu kama mwalimu yuko pale.

"Siwezi, mwalimu. Sitamkalia mtu tena." Matusi yakasikika mpaka kwa Bitna. "Ndiyo, mwalimu. Nitaacha ufunguo mlangoni."

"Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

Bitna hakusema pole. Alikaa vizuri mkekani, akavuta pumzi, akaitanua miguu yake mwenyewe.

"Sasa mimi."

"Una uhakika?"

"Sina. Nishike."

Akamshika. Viganja vyake vilikuwa vimelowa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini havikumtia kinyaa. Akamvuta kidogo, akasita, akauliza, "Hapo vipi?"

"Endelea."

Akavuta tena, kidogo zaidi. Pale palipochanika zamani pakashtuka. Neno lilikuwa kooni mwa Bitna, limekwama hapo tangu akiwa na miaka kumi na saba.

"Acha," akasema.

Tae-seop akaacha.