Charlotte na Mashini ya Picha Pana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Charlotte alichota maji, akapika uji, kisha akamsaidia nyanya yake kutoka chumbani na kukaa kwenye kiti cha mbao barazani. Hata kwa mkongojo, Nyanya Apolline hakuweza kutembea bila kushikwa. Mwaka 1964, wakati wa uasi mashariki mwa Kongo, watu wa Uvira walipokimbilia milimani, aliteleza kwenye mawe akavunjika nyonga, na mfupa ukaunga vibaya. Sasa ilikuwa 1966. Watu walikuwa wamerudi mjini, shule zimefunguliwa, na meli zilitia nanga tena kwenye bandari ya Kalundu, lakini Nyanya Apolline hakuwa amevuka kizingiti cha ua wake tangu walipomrudisha nyumbani kwa machela.

Wazazi wa Charlotte walifanya kazi mbali, Kamituga. Yeye aliishi mtaa wa Kimanga na nyanya yake na mjomba wake, Placide, aliyekuwa fundi wa kamyo, yaani malori. Uani kwao, mbele ya baraza, palikuwa na ukuta wa matofali. Wakati wa vita sehemu yake ya kulia ilianguka, na hakuna aliyeisimamisha tena. Matofali yalilala chini ya majani, na pale palipobomoka ilionekana migomba ya jirani.

Nyanya Apolline alikuwa na hamu moja ambayo kila mtu nyumbani aliijua. Kabla ya uhuru, alipokuwa mfuaji wa nguo za Wazungu, sinema ilionyeshwa kwenye klabu yao, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Yeye alisimama nje, akachungulia kwenye tundu la ua wa matete, akaona nusu tu ya kitambaa. Uhuru ulipokuja alisema sasa atakaa kwenye kiti cha mbele kama watu wengine. Lakini uasi ukaja, ukamharibia miguu. Siku hizi parokia ilionyesha sinema, ila ukumbi ulikuwa juu kilimani, na njia ya kwenda huko ilikuwa na mawe matupu.

Basi siku moja Mjomba Placide alirudi kutoka Kalundu akitabasamu. Alikuwa amemaliza kuifufua kamyo ya Mama Riziki, mfanyabiashara wa bandarini, kamyo iliyoachwa porini wakati wa vita hadi ndege wakajenga viota ndani yake. Mama Riziki alikuwa na mashini mbili za sinema na filamu zake, alizozipata kwa wageni waliohama. Alimwambia Placide achague moja iwe shukrani yake. Ile itakayobaki angeichukua mtu wa Bukavu, ambaye angefika Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi Charlotte alifuatana na mjomba wake hadi Kalundu kuzitazama. Mashini ya kwanza ilikuwa ndogo, na picha yake ilikuwa karibu mraba. Ya pili ilikuwa kubwa, nzito, na mbele yake ilifungwa lensi ya pekee. Mama Riziki aliiwasha ndani ya ghala lililofungwa madirisha. Bila ile lensi, watu kwenye picha walikuwa warefu na wembamba kama mianzi. Alipoirudisha, picha ilitanuka kulia na kushoto ikajaza ukuta mzima wa ghala, na watu wakawa watu. Charlotte hakuwahi kuona kitu kama kile. Hata parokia haikuwa nacho.

Mama Riziki akawaeleza kwa upole kwamba mashini kubwa inataka ukuta mpana. Ukuta ukiwa mfupi, ile ndogo ndiyo itakayofaa zaidi. Akampa Charlotte kamba yenye urefu sawa na upana unaotakiwa, akamwambia waende wakapime kwanza. Yeye angewangoja.

Mjomba Placide alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo kupima alimwachia Charlotte. Jumatatu, baada ya masomo, Charlotte alifunga ncha moja ya kamba kwenye msumari upande wa kushoto, akaivuta kuelekea kulia. Ukuta ukaisha, kamba haijaisha. Ncha yake ilifika katikati ya migomba. Akasimama akiitazama. Shuleni alikuwa ameshamwambia rafiki yake Hyacinthe, na Hyacinthe amewaambia wengine, kwamba kwao kutaonyeshwa picha pana kupita ya parokia. Angewaambia nini sasa? Akaikunja kamba polepole, akaiweka mfukoni.

Jioni mjomba wake alimwuliza, “Weye umepima vizuri?”

“Ndiyo, mjomba. Iko sawa.”

Mashini kubwa ililetwa Jumanne. Mjomba Placide aliiunga na moteri ya kuzalisha umeme ya karakana yake. Giza lilipoanza kuingia, majirani walikuja na mikeka yao, na Hyacinthe akaja na nusu ya darasa. Nyanya Apolline alivaa kitenge chake kipya, akaketi mbele kabisa.

Mwanga ukapiga ukutani. Sauti zilisikika, muziki ukalia, lakini upande wa kulia picha ilipita ukuta ikapotelea kwenye migomba. Mwanamke mmoja alizungumza, akacheka, akanyoosha mkono kumpa mtu kitu, na mtu huyo hakuonekana.

“Huyu mama anaongea na nani?” Nyanya Apolline aliuliza.

“Na mwanamume fulani, nyanya,” Charlotte akajibu. “Iko kule kwenye majani.”

Nyanya akaegemea kiti chake. “Basi nimerudi kwenye ule ua wa matete,” akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimchoma Charlotte kuliko kama angekasirika.

Mjomba Placide aliisogeza mashini karibu. Picha ikaingia yote ukutani, lakini ikawa ukanda mwembamba, na watu ndani yake wakawa wadogo mno. Macho ya Nyanya Apolline yalikuwa yamechoka, hayakuweza kuwaona. Mjomba akaizima. Watoto wakaanza kuondoka, wengine wakicheka, na majirani wakakunja mikeka yao. Mjomba Placide alikuwa amekunja uso. Alisema kwamba Mama Riziki amewadanganya, amewapa kamba fupi ili abaki na mashini inayouzika haraka. Kesho angekwenda kumwambia hivyo mbele ya watu wote wa bandarini.

Charlotte aliuacha mkeka aliokuwa akiukunja. Alimwona Mama Riziki akilini mwake, akiambiwa mwongo mbele ya wachukuzi wake, bila kujua kosa lake.

“Mjomba, usiende,” akasema. “Kamba haikuwa fupi. Ni minye niliyekosea. Ukuta haukufika, na minye nikasema umefika.”

Mjomba Placide aliifunika mashini, akaingia ndani. Nyanya Apolline alimshika Charlotte mkono. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba aliyekaribia kusingiziwa ni Mama Riziki, kwa hiyo kesho aende mwenyewe akamweleze.

Charlotte alikwenda baada ya masomo. Njia ya Kalundu haikuwahi kuwa ndefu kama siku ile. Mama Riziki alimsikiliza hadi mwisho huku akipima samaki wakavu, kisha akamwambia kuwa mashini ndogo bado ipo. Wanaweza kubadilisha wakati wowote kabla ya Jumatatu ile mtu wa Bukavu atakapofika.

“Na kama ukuta utakuwa mrefu?” Charlotte akauliza.

“Mwanangu, ukuta hauoti kama mgomba.”

“Matofali yake yako chini, mama. Nitayarudisha.”

Mama Riziki aliacha kupima. Alisema kwamba mtu akileta ukuta wa kweli, yeye atatoa chokaa.

Mjomba Placide alikubali, kwa sharti moja: kazi ianzishwe na Charlotte, naye mjomba atapanga matofali tu. Kesho yake shuleni Charlotte aliwaambia wenzake ukweli wote. Wengine walimcheka. Lakini jioni Hyacinthe alitokea uani akiwa na jembe begani, na nyuma yake walikuwapo wawili wengine. Walifyeka majani, wakachimbua matofali, wakayakwangua udongo wa zamani. Walibeba udongo mwekundu kutoka ukingo wa mto Mulongwe, wakaukanyaga kwa miguu hadi ukalainika. Viganja vya Charlotte vilitoka malengelenge, yakapasuka, naye akavifunga kitambaa akaendelea. Nyanya Apolline, kutoka kwenye kiti chake, aliwaonyesha kila tofali lililopinda, na hakukosea hata moja. Jirani mwenye migomba akakata majani yaliyoegemea, akachota maji pia.

Ukuta ukapanda. Jua la kiangazi likaukausha, chokaa ya Mama Riziki ikaufanya mweupe. Charlotte alileta kamba, lakini safari hii hakupima peke yake. Alimpa mjomba wake ncha moja. Kamba ikanyooka, na ukuta ukaizidi kidogo.

Jumapili jioni, siku moja kabla ya mtu wa Bukavu kufika, ua ulijaa hadi watu wakakaa juu ya mapipa. Mama Riziki mwenyewe alikuja kutoka Kalundu, akapewa kiti. Mashini ikawashwa. Treni ndefu ikatokea kushoto kabisa, ikapita chini ya milima yenye theluji, behewa kwa behewa, mpaka ncha ya kulia, na hakuna hata gurudumu moja lililopotea. Watu wakapiga makofi. Nyanya Apolline aliinama mbele, mikono kwenye magoti, akicheka peke yake kama msichana.

Picha ilipokwisha, alimwita Charlotte mbele ya wote.

“Mimi nilikuwa na hamu ya sinema,” akasema, “lakini leo nimefurahia kitu kingine zaidi. Uliposema ukuta unatosha, sote tulibaki na ukuta mfupi, na mtu mwema karibu aitwe mwongo. Ulipotuambia haufiki, ndipo tulipopata cha kufanya. Mtu hawezi kutengeneza kilichofichwa. Ukikosea, useme mapema, halafu ushike jembe. Watoto wote mnanisikia?”

Wakaitikia kwa pamoja. Mjomba Placide alimwekea Charlotte mkono begani, mbele ya darasa zima, akamwambia kwamba kuanzia siku ile kuendesha mashini ni kazi yake. Kisha Nyanya Apolline akagonga chini kwa mkongojo wake, akaomba ile treni irudishwe mwanzo, na Charlotte, akiwa na vitambaa viganjani, akaiwasha mashini.