Uzito wa Bi Zuleikha

Shoga yangu Wanu si mtu wa porojo, ndiyo maana nnamwamini. Kazi yake ilikuwa kuwapima uzito abiria wa vindege vidogo vya kwenda Pemba.

Asubuhi moja ya masika, Bi Zuleikha wa Mpendae, kavaa buibui lake, aligoma kupanda mizani mbele za wanaume. "Mwanangu, unipime kama gunia la karafuu?" Wanu akamstahi, akamkadiria kwa macho, akaandika kilo sitini. Robo saa baadaye ndege ilishindwa kupaa kwenye mvua, ikaanguka mwisho wa njia ya kurukia. Hakupona mtu.

Siku ya arubaini mvua ilirudi. Ilikuwa asubuhi, lakini giza lilitanda na umeme ukakatika. Wanu, peke yake kwenye chumba cha kupimia abiria, akasikia ile mizani ya mshale ikilia kriii, kama inavyolia mtu mzito akipanda. Akawasha tochi ya simu. Mshale ulikuwa ukienda taratibu. Ukapita sitini, ukasimama tisini na mbili.

"Nani?"

Juu ya mizani hapakuwa na mtu. Maji tu yakidondoka, tone baada ya tone, kutoka hewani, usawa wa pindo la buibui.