Anakotoka Twizeyimana

Siku ya soko Kashuga, katika milima ya Masisi huko Kongo, mtu mrefu hana raha. Turubai za wauzaji hufungwa kwa kimo cha watu wa kawaida, na Twizeyimana, kijana wa mita mbili na sentimita nane, alipita katikati ya maharage na mitumba akiwa amepinda mgongo, akiomba msamaha huku na huku. Shati lake lilikuwa limemkomea kwenye viwiko. Alisimama mbele ya duka la Papa Jérôme, mfanyabiashara kutoka mji wa Butembo aliyekuwa ameuza nguo na viatu pale kwa miaka kumi na tano. Aliyekuwa akiuza siku hiyo ni binti yake, Hélène, ameketi juu ya robota, kitenge cha kijani kiunoni, nywele zimesukwa mistari myembamba.

"Dada, muko na biatu ya basket?"

"Pointure gani?"

"Cinquante. Namba makumi tano."

Hélène akamtazama kuanzia miguuni, taratibu, mpaka akalazimika kuinua kidevu. "Kaka, huku tunauzisha biatu. Mitumbwi iko Goma."

Wanawake wa duka la jirani wakacheka. Twizeyimana naye akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia, maana Hélène alizoea wanaume wanaonuna wakitaniwa.

"Basi uniandikie commande," akasema. "Twizeyimana, wa Muheto."

"Na kama haipatikane?"

"Nitakuya kuuliza kila siku ya soko."

Akaja kweli, miezi mitano mfululizo. Viatu vilifika mwezi wa pili, lakini hakuna aliyejifanya kushangaa kwamba aliendelea kuja.

Mpira wa kikapu ulimchukua upesi. Mtafuta vipaji mmoja alimwona akicheza Goma, akampeleka kwenye kituo cha mpira Kigali kwa miezi tisa, na kutoka huko akapata nafasi ya masomo katika chuo kimoja cha Iowa, Marekani. Huko walimfanya pivo, yule mrefu anayesimama chini ya kikapu na kupigania kila mpira unaorudi. Mwaka wa kwanza aliumaliza benchi, kwa sababu pivo wa kwanza alikuwa Vytenis, Mlithuania mwenye ndevu za rangi ya mahindi na viwiko vigumu. Mwaka wa pili wakawa wanapokezana. Kila Jumapili baada ya misa, saa nane mchana ya Kashuga, simu ya Hélène iliita. Kwa Twize ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi.

"Umeamuka, cheri?"

"Nimeamuka na maumivu. Ule Mulituania amenipiga kiwiko mu mbavu."

"Umuambie hiyo mbavu iko na mwenyewe."

"Akiuliza ni nani?"

"Umuambie ni mi, na niko na mwiko."

Walicheka hivyo, lakini chini ya vicheko vyao kulikuwa na jambo zito. Watu wa kwao Twize husema Kinyarwanda. Wamelima milima ya Muheto tangu babu wa babu, na bado kila vita vinapozuka hawakosi watu wa kusema kwamba hao si wa hapa, warudi Rwanda. Papa Jérôme hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga wa kawaida wa mtu mwenye duka na binti. Kwa miaka miwili Hélène alimpigania mpenzi wake mezani, chakula kikipoa: "Papa, ule ni mutoto wa hapa." Mwishowe mzee alilegea, akakubali familia ya kijana ije kujitambulisha Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, Papa Jérôme alifungua ukurasa wa timu kwenye simu yake, na alitaka tu kujisifia kwa wateja. Picha ilikuwepo, urefu ulikuwepo. Chini yake, mahali anakotoka mchezaji, paliandikwa: Kigali, Rwanda. Akaiweka simu mbele ya binti yake.

"Soma."

"Ni bo bamekosea, Papa."

"Iko pale tangu miaka mbili. Mutu anaona uongo juu yake miaka mbili, ananyamaza? Weye njo ulikuwa unaniambia ni wa hapa. Yeye mwenyewe anasema hapana."

Jumapili hiyo Hélène hakumsalimu.

"Twize, uliona kwenye bameandika unatoka?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ya kwanza. Cheri, achana na ile. Ni karatasi tu."

Angetafuta neno baya kuliko hilo asingelipata. Masisi watu wamefukuzwa mashambani kwa ajili ya karatasi, na kwa kukosa karatasi wamezikwa. Hélène alikata simu, akalia mbele ya wateja bila kujificha.

Jumapili tatu hakupokea simu. Kule Iowa mipira ilimponyoka Twize mikononi hadi kocha akamrudisha benchi. Vytenis alimkuta chumba cha kuvalia, akiukodolea macho ule ukurasa, akaketi kando yake.

"Hapo wamekosea?" aliuliza. "Hata mimi waliniandika Vilnius. Sijawahi kuishi Vilnius. Kwetu ni kijiji cha kanisa moja na ng'ombe. Mama aliwapigia simu akawagombeza, wakabadilisha siku ile ile."

"Hawakuomba hati?"

"Hati za nini?"

Swali lile lilimuuma Twize kuliko kiwiko chochote. Akaenda ofisini. Mama mmoja wa sweta jekundu alimwomba amtajie jina la kijiji herufi kwa herufi, akaandika: Muheto, Masisi, Kongo. Hakuuliza kitu kingine. Twize alitoka nje, akaketi kwenye ngazi zenye theluji, akalia kwa uchungu wa miaka miwili ya bure.

Kisha akamwandikia Hélène: naomba dakika tano, halafu unikatie. Alipopiga, Hélène akapokea.

"Nimeona bamebadilisha," Hélène alisema. "Lakini si ile bameandika njo iliniuma. Ni kunyamaza. Mi nilikuwa nakusemea, na weye unanyamaza."

"Nilikuwa na miaka tisa," Twize alisema. "Tulikuwa na papa, tunatoka Muheto tunaenda Burungu. Kwa bariyeri, batu ya bunduki bamefunga njia, bakamuuliza jina, akajibu. Kisha akaongeza: mi ni mwenyeji wa hapa. Hawakumuuliza ile. Bakasema alete karatasi ya kuhakikisha. Hakuwe nayo. Bakamuchapa mbele yangu mpaka akashindwa kusimama. Mu njia ya kurudi akaniambia: jibu kenye bamekuuliza, kisha nyamaza. Huku hakuna mutu aliniuliza, Hélène. Njo nikanyamaza. Niliogopa."

Hélène alikumbuka bariyeri zote alizopita ndani ya gari za baba yake. Waliulizwa wamebeba nini. Hakuna siku aliyoulizwa kama ni wa hapa, naye amezaliwa Butembo. Akaona aibu.

"Unisamehe, cheri. Mi sijaulizwa hata siku moja."

"Na mi unisamehe. Bado unanitaka?"

"Nani mwingine atavumilia matusi yangu kila Jumapili? Acha niongee na Papa."

Aliongea naye mezani. "Papa, miaka kumi na tano Kashuga, nani alikuuliza kama weye ni wa hapa?"

Papa Jérôme alifikiri sana. "Hakuna mutu."

"Na bo bako huku tangu babu ya babu yabo."

Mzee akasukuma sahani. Akainuka kwenda dukani, lakini siku ya wageni hakuifuta.

Jumamosi ilipofika, walikuja wanne kutoka Muheto: Kanyamibwa, baba yake Twize, amevaa koti jeusi na kofia, mkewe Mukasine, kitambaa cha zambarau kimefungwa begani, na wajomba wawili. Desturi huwataka wageni wasimame mlangoni, mwenye nyumba awaulize ni nani, wametoka wapi, wanataka nini. Kwa kawaida ni mchezo tu, watu hucheka. Kanyamibwa hakucheka. Ndani ya koti alikuwa amebeba kadi yake ya uchaguzi, ambayo Kongo ndiyo kitambulisho, na karatasi ya ubatizo wa marehemu baba yake, zimefungwa kwenye plastiki. Hélène alisimama kando ameshika simu, na ndani yake Twize alikuwa akitazama.

"Nyinyi ni banani?" Papa Jérôme aliuliza.

"Sisi ni familia ya Kanyamibwa."

Likabaki swali la pili: wametoka wapi. Kanyamibwa akaingiza mkono ndani ya koti. Papa Jérôme aliuona mkono ule.

"Mukaribie, mwikale," alisema. "Kwenye munatoka, tunapajua."

Kanyamibwa alibaki amesimama, mkono ndani ya koti, mpaka Mukasine alipomgusa bega. Kisha akaketi. Hélène akageuza simu ili Twize amwone baba yake.