Tangi Jipya la Dan

Samaki walikataa kuogelea. Dan alikuwa ameshinda Jumapili nzima akiwahamisha kutoka tangi dogo la zamani hadi tangi jipya la kioo, refu kuliko kochi, lililojaza ukuta mzima wa sebule yao katika mtaa wa Mountain View. Chumvi ilikuwa sawa, joto sawa, pampu ikinguruma vizuri. Lakini samaki wote walijibanza kwenye pembe moja, mbali na jiwe kubwa la matumbawe ambalo Dan alilitoa baharini Kikambala kabla hajamjua mkewe, Ciru.

"Wamechoka tu," Dan alisema. "Watazoea."

Ciru alikunja pua. Alikuwa amesikia harufu ya udi, na nyumbani mwao hakuna aliyewahi kuchoma udi.

Harufu hiyo haikuondoka. Kila asubuhi Ciru aliamka akakuta upande wa Dan wa kitanda umelowa chepechepe. Aligusa shuka, akaonja kidole. Chumvi. Dan naye aliacha kwenda kazini. Alikaa kutwa mbele ya tangi akitabasamu, na Ciru akiwa jikoni alisikia maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, taratibu, kama mtu anayeoga bila haraka, na alipokimbilia sebuleni alimkuta mumewe peke yake, nywele zikidondosha maji, zimechanwa na kugawanywa upande ambao hajawahi kuzigawa.

"Dan, nani amekuchana?"

"Shh. Usiongee kwa nguvu," alinong'ona. "Hapendi kelele."

Ciru alitoka mbio hadi kwa Rumaisa, mwenzake wa kazini, naye akampeleka Parklands kwa mjomba wake, Mwalimu Amin, aliyefundisha madrasa. Mzee alikuja nao mchana uleule. Mlangoni alisita, akaziba pua kwa kilemba, akalitazama tangi kwa muda mrefu.

"Jiwe lile lina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye kijumba kile cha zamani alikuwa mgeni tu, ametulia. Lakini mumeo amemjengea jumba, akamhamisha kwa mikono yake mwenyewe, akamwashia na taa. Kwa majini hiyo ni posa, mwanangu. Naye ameitikia."

"Na mimi je?"

"Wewe kwake ni mke mwenza."

Dawa ilikuwa moja: Dan aseme kwa kinywa chake kwamba amemwacha yule jini. Mwalimu akaanza kusoma. Maji yakatokota ilhali kioo kilikuwa baridi.

"Sema, Dan," Ciru alimsihi. "Tafadhali, sema umemwacha."

Dan akafungua kinywa. Maji ya chumvi yakamtoka, yakamtiririka kidevuni hadi kifuani. Kisha akatikisa kichwa. Hapana.

Hapo Ciru, ambaye hata samaki mbichi alikuwa akiogopa kumshika, alitumbukiza mikono yote miwili hadi mabegani, akalikumbatia lile jiwe, akahisi vidole laini vyenye pete vikipenya katikati ya vidole vyake na kukaza, vikimvuta chini, uso wake ukikaribia maji, mtu akicheka polepole sikioni mwake, naye akavuta, akavuta huku akilia.

"Huyu ni bwana yangu! Toka kwa nyumba yangu!"

Jiwe lilipanda likiwa zito kama mtu mzima. Kisha ghafla likawa jepesi.

Mwalimu akalifunga kwa sanda na kuondoka nalo siku hiyohiyo kwenda kulirudisha baharini. Kabla jua halijatua, samaki walikuwa wametawanyika tangi zima, na harufu ya udi ilikuwa imekwisha. Dan alilala usingizi mzito. Alipoamka aliomba chakula, akala, akamwomba mkewe msamaha. Baada ya siku chache alirudi kazini. Ciru alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu.

Jioni moja walikuwa jikoni pamoja, Ciru akiosha vyombo, Dan akivipangusa. Dan aliweka sahani chini. Hakumtazama.

"Ciru," aliuliza kwa upole, "lile jiwe walilirudisha ufuo gani?"